Mama wa Hadeel Hatoki

Hebu piga picha hii, msichana amesimama mlangoni mwa darasa, jasho lamtiririka chini ya mtandio, mkoba umelowa maji ya mchicha aliotoka kuununua Marikiti, kengele imelia zamani, na mwalimu wa zamu amwambia asimame papo hapo kila mtu amwone... huyo ni Hadeel, mwanafunzi wangu, ndiye tunayemjadili hapa katika chumba cha walimu, chai imepoa, feni inalia, na Bwana Benard, mwalimu mkuu wetu, anasema, "Kila siku kuchelewa, asirudi darasani mpaka mama yake aje, sheria ni moja kwa wote," Bi Jael anadakia, "Binti mfalme wa Kibokoni huyo, labda angoja kupigiwa tarumbeta," wanacheka, mimi sicheki, maana huyo mama hawezi kuja, amekaa eda, mumewe kazikwa juzijuzi, Bwana Benard mwenyewe alikwenda makaburini, akatoa pole kwa heshima zote, akadhani msiba huisha watu wakishakung'uta mchanga mikononi, hajui kwamba kwao mjane hatoki nje mpaka siku zake zitimie, jamaa zao wote wako Lamu, basi nani aende sokoni, nani amwoshe mdogo wake na kumfikisha chekechea, ni yeye Hadeel... Ustadh Abdullah anajua, mwalimu wa dini, anajua kunishinda, anakuna ndevu, anakoroga chai iliyokwisha korogwa, sema basi, yakhe, sema, watakusikiliza wewe... kijiko kinazunguka tu... na jana Hadeel kalaza kichwa juu ya deski, "Nimechoka, mwalimu," nikamwuliza, mwanangu, nikiwaeleza walimu wakuache usome? akafuta pua, "Waeleze, lakini wasinihurumie," wasinihurumie, mtoto wa kimo kile... miaka yote naambiwa, Mwanatumu una moyo laini, watoto watakukalia kichwani, nami natabasamu tu, haya, leo mtauona huo ulaini, "Wanaokubali asirudi wanyooshe mikono," asema Bwana Benard, wa Bi Jael uko juu tayari, wangu uko mezani, hauendi popote, na kwani lazima mama aje, sisi hatuna miguu? Kibokoni kwao ni hapo tu, mwenye eda hutembelewa na wanawake wenzake, nitakwenda alasiri, na Bi Jael nitamshika mkono twende naye, avue viatu mlangoni, aketi mkekani, amtazame yule mama usoni, kisha aniambie habari za tarumbeta... na kesho mwalimu wa zamu akimsimamisha tena pale mlangoni, nitasimama naye, mtu mzima na mkoba wangu, watucheke sote wawili... mkono wa Ustadh umepanda nusu, umesita hapo hapo, hajui aupeleke wapi, "Na wewe, Bi Mwanatumu?" anauliza Bwana Benard, feni ile ile, chai ile ile, mikono ile ile juu, kiti changu kimekwaruza sakafu, kumbe nimesimama, na maneno niliyo nayo si mengi, walimu wenzangu, mama yake amekaa eda, hawezi kuja, na kazi zote za nyumbani ni za mtoto, msimhurumie, hakuomba huruma, mimi ndiye ninayewaomba, tena kwa upole, mkumbuke jambo moja tu, kila asubuhi mtoto huyu angeweza kubaki nyumbani, na kila asubuhi amekuja.