Kigiriki cha Mzee Joab

Naanza kwa kukiri kwamba mwaka 1994, nikiwa kidato cha tatu katika shule ya bweni huko bara, nilijua herufi sita za Kigiriki, na zote nilifunzwa na mwalimu wa hesabu. Kwa elimu hiyo nikarudi Mombasa likizo ya Agosti, nikawa mfasiri wa Maandiko.

Kikundi chetu cha maombi kilikutana kila Alhamisi huko Tudor, sebuleni kwa Mzee Joab, karani wa reli aliyefiwa na mkewe. Desturi yetu ilikuwa kwamba mtu akileta maana ya neno katika lugha ya asili, wote waliandika daftarini, na tangu hapo hakuna aliyebishana nalo. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nimewapa maneno matatu, yote ya kubuni, huku rafiki yangu Kingi akiuma leso asicheke.

Wiki ya tatu Mzee Joab aliniuliza Kigiriki kinasemaje kuhusu kusamehe. Nikakunja uso, nikatamka neno refu ambalo hakuna Mgiriki aliyewahi kulisikia, nikasema maana yake ni kumngoja mkosaji mpaka aje mwenyewe mlangoni kwa magoti. Mzee Joab aliandika, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Sote tulijua habari za Emmah, bintiye wa pekee. Miaka miwili kabla alikuwa ameolewa Mji wa Kale na Zein, fundi wa saa wa Kibokoni, akasilimu, na tangu siku hiyo babake hakukanyaga kwake. Nisilolijua ni kwamba Emmah alikuwa amejifungua mtoto wa kiume.

Jumamosi nikaitwa kwa Mzee Joab. Sebuleni alikuwa ameketi Bi Mwanabaraka, mamake Zein, amevaa buibui, mikono mapajani. Aliuliza hali ya nyumba, ya kazi, na ya kifua cha mzee, ndipo akasema kwamba mjukuu atatolewa nje siku ya arobaini, zimebaki siku kumi, na mamake ameomba babu awepo. Mzee Joab akaniagiza nimsomee mgeni Kigiriki changu cha kusamehe.

Ningeweza kusema kweli pale pale. Nilisoma. Nilisoma kwa sauti ya mimbarini.

Bi Mwanabaraka alinisikiliza hadi mwisho. "Kigiriki mimi sikijui, mwanangu," akaniambia. "Nijualo ni kuwa mzazi hatoki nyumbani kabla ya arobaini. Huyo atakuja kwa magoti vipi?"

Akaaga kwa upole. Chai yake hakuigusa.

Nilipomsimulia Kingi, alicheka. Mimi nilijaribu, nikashindwa.

Jumatatu nikaenda kwa Kasisi Charo, ambaye Kigiriki alikisoma kweli chuoni. Nilimweleza yote. Hakunikaripia, na hilo lilinikosesha raha zaidi. Alifungua Agano lake la Kigiriki, akaushika mkono wangu na kuniwekea kidole juu ya kitenzi. Akasema kusamehe katika Sala ya Bwana ni kuachilia, kuacha kitu kiende. Kisha akanionyesha kitenzi hicho hicho pale wavuvi walipoziacha nyavu, na pale homa ilipomwacha mama mkwe wa Petro. Nikauliza mlango na magoti vimetajwa wapi.

"Hivyo ni vyako," akasema.

Nikaenda kwa Mzee Joab, nikaungama nikiwa nimesimama. Alikuwa akinyoosha shati la kazini, na hakuweka pasi chini.

"Najua hukijui Kigiriki," akasema. "Kasisi Charo anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Unadhani mbona sikumwuliza yeye?"

Akapitisha pasi kwenye kola.

"Yeye angeniambia kweli."

Alimaliza mkono mmoja wa shati, akageuza wa pili. Akaniuliza kasisi alikuwa amesemaje. Nikamwambia: kuachilia.

"Hata kama mtu hajaja?"

"Kuja hakukutajwa, mzee."

Alhamisi alinisimamisha mbele ya kikundi, nikayafuta maneno yangu manne, moja baada ya moja. Mama Kasyoka aliuliza kama na lile la pili lilikuwa uongo, maana alikuwa amemwandikia dadake kule Machakos. Nikasema nalo pia. Hakuna aliyecheka, hata Kingi.

Siku ya arobaini Mzee Joab aliniambia nimsindikize. Tulipita Makadara kwa miguu, yeye na kifurushi cha nguo za mtoto kwapani. Mara mbili alisimama, nikadhani tutarudi.

Emmah alikuwa barazani, mtoto mikononi, harufu ya udi ikitoka ndani. Hakutabasamu.

"Siku arobaini, baba," akasema. "Na miaka miwili kabla yake."

"Ndiyo."

"Nililetewa ujumbe wa Kigiriki."

Nilitazama chini. Mzee Joab angeweza kuninyooshea kidole, na asingekuwa amesema uongo.

"Ulikuwa ujumbe wangu," akasema.

Emmah hakusema amesamehe. Alimwekea mtoto mikononi, akaingia ndani. Mzee alibaki juani, viwiko vimekakamaa, hajui apite au angoje. Kisha tukamsikia Bi Mwanabaraka akiuliza kutoka ndani mbona babu ameachwa nje na mtoto kwenye jua, na Mzee Joab akaanza kuvua viatu kwa visigino, bila kutumia mikono.