Mtu Aliyeitwa Ray

Mama alikuwa mjane wa miaka mingi alipokutana na Clive kwenye klabu ya karata, na haikupita hata miezi minne akatangaza kwamba Clive anatupeleka Wirrabeen kuteleza kwenye theluji. Alikuwa mzee mpole, nadhifu, anayeosha vyombo bila kuambiwa. Mimi mwanaume anayeosha vyombo bila kuambiwa simwamini.

Tulifika Julai, katikati ya majira ya baridi ya Australia, theluji imelemea matawi ya mikaratusi na mapaa yaliyochongoka kama ya Austria. Kabla hajashuka garini, Clive alijifunika skafu na miwani mikubwa ya theluji, wala upepo haukuwapo. Alivivua dukani tu, tulipoingia kula pai. Muuzaji akashangaa.

"He, Ray! Umenyoa ndevu? Nusura nisikujue!"

"Umenifananisha, dada," Clive akajibu. Akaacha pai nusu na kutoka nje.

Nikamfuata. "Ray ni nani?"

"Sijui, Glenda. Wazee tunafanana."

"Na wewe," Mama akanikemea, "acha kumhoji mwenzio kama polisi."

Kesho yake nilidhani nitamfumania hajui hata kusimama kwenye mbao za kutelezea. Lo! Aliteleza kama aliyezaliwa nazo miguuni. Lakini alizunguka kwenye miteremko ya pembeni tu, kwenye kamba inayowavuta wanafunzi kupanda kilima. Lifti kubwa, ile ya viti vinavyoning'inia kwenye waya hadi kileleni, hakuikaribia, na Mama alipomwomba wapande pamoja alisingizia goti. Jioni, kwenye baa, jamaa mmoja alimpiga bega: "Ray, unanikwepa siku hizi?" Clive akapitia mlango wa jikoni, asirudi.

"Mtu mwenye majina mawili ana wake wawili," nikamwambia Mama.

"Basi muulize mwenyewe."

Sikumuuliza. Asubuhi nilikwenda kwenye lifti kubwa, nikaulizia Ray. Mzee mwenye ndevu, aliyekuwa akifagia theluji kwenye viti, akageuka. Uso ulikuwa wa Clive.

"Ndiye mimi. Vipi?"

Nilibabaika. "Kuna mtu… watu wanamwita kwa jina lako."

Ufagio ukatulia. "Akitembea anaegemea kushoto?"

"Ndiyo."

"Ni kaka yangu, pacha wangu. Aliondoka siku tuliyomzika mama yetu, hajakanyaga hapa tena." Akafagia kiti ambacho tayari kilikuwa safi. "Usimwambie kitu. Aliyeondoka ndiye wa kubisha hodi."

Nilimkuta Clive na Mama kwenye nyumba tuliyopanga, mkabala na lifti, Clive akimenya viazi. Nilijaribu kunyamaza, nikashindwa, nikaeleza yote. Akaweka kisu chini taratibu.

"Ina maana anajua niko hapa?"

"Nilidhani wewe ni tapeli, Clive."

"Nilikuja kwa ajili yake. Kila nikiamka nasema leo, halafu miguu inakataa."

Mama alinitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu nikiwa mtoto. "Glenda, umempokonya mwenzio neno lake mdomoni."

Clive alivaa koti, miwani akaiacha mezani. Hakutaka kusindikizwa, lakini dirishani tulimwona akipanga foleni kama mgeni yeyote. Zamu yake ilipofika, Ray akasimamisha lifti. Watu wakabaki wananing'inia juu, wanapiga kelele. Wale wawili hawakukumbatiana wala kupeana mikono. Waliongea kidogo, Clive akaketi kitini, Ray akawasha mashine, kaka yake akapaa peke yake hadi akamezwa na ukungu.

"Kasemaje?" Mama alimuuliza aliporudi.

"Kasema kesho atakuja kunywa chai. Na kwamba nimezeeka vibaya."

Ray alikuja kweli, na jamu ya machungwa mkononi. Walikaa, wakazungumzia mbwa waliokufa zamani. Mama alicheka nao. Mimi nilimimina chai nikawapima kwa macho.

Ray alipokuwa akivaa viatu mlangoni, alininong'oneza: "Siku ya mazishi yeye ndiye aliyenipiga kwanza. Asikudanganye."

Usiku ule, tukikausha vikombe, nikamuuliza Clive nani alianza.

"Ray," akasema bila kupepesa. "Mbele ya jeneza."

Mmoja wao ni mwongo. Mama anasema hayanihusu, na mwezi wa Septemba wataoana huko huko Wirrabeen, Ray akiwa shahidi.