Kivuli Chenye Ungo

Kila picha ya uso wa mwezi, iliyopigwa na chombo cha angani, iliyofika katika ofisi ile ya ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi viatu, ilikuja na fomu yake, na fomu ilikuwa na visanduku viwili: KIVULI na KITU. Dada alikuwa ametia tiki kwenye KIVULI kwa miaka kumi na mmoja. KITU alitia mara nne tu, na mara zote nne msimamizi aliirudisha picha akisema ni unywele ulionasa kwenye kioo cha kukuzia.

Mdogo wake alikuwa na miezi mitano kazini. Mama yao alimwita Kitinda kwa kuwa ni kitinda mimba, na sasa hata msimamizi alimwita hivyo. Dada ndiye aliyemwombea kazi. Ndiye aliyemfundisha kuizungusha picha mpaka mwanga utokee juu, maana mwanga ukitokea chini macho hudanganyika, shimo likaonekana kilima na kilima kikaonekana shimo. Hilo ni kosa la wageni. Wiki ya tatu tu, Kitinda akaona mguu wa chombo kilichopotea huko miaka thelathini nyuma. Akapewa kiti cha kuzunguka na meza ya dirishani, inayotazamana na ya Dada. Dada alimkumbatia, akampongeza mbele ya watu, halafu akaenda msalani kukaa mpaka roho iache kumuuma. Haikuacha, akatoka hivyo hivyo.

Jumanne moja, baada ya chai ya saa nne, Dada alimwona mama yao. Alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo la mwezi, na gauni lake la maua, ungo mapajani, anachambua mchele. Walikuwa wamemzika mwaka juzi. Picha ilipigwa kutoka juu, kwa hiyo kilichoonekana zaidi ni utosi na mikono, na Dada alimtambua kwa mikono. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa amemwelekea Dada, na mbele yake palikuwa na kigoda kitupu.

Dada akaifungia picha kwenye droo siku tatu. Kitinda akitoka kidogo, anaitoa, anaitazama. Tangu utotoni swali la mama kwake lilikuwa moja: "Mwenzio amekula?" Akirudi shule amelowa chapachapa, mwenzio amekula? Alipolazwa wiki mbili kwa homa ya mapafu, mama alikuja, akamshika mkono, akamuuliza nani anampikia Kitinda. Leo mama ameweka kigoda kimoja, na kimeelekea kwa kifungua mimba wake. "Na mimi sasa," Dada alijisemea. Alhamisi akaja kazini na hereni.

Lakini kila picha lazima ikaguliwe na watu wawili. Ijumaa msimamizi akaidai, na Dada akaisukuma ng'ambo ya meza.

Kitinda aliitazama kwa muda. "Ni Mama," alisema.

"Nimemwona."

"Amenenepa."

"Kidogo."

"Lakini Dada, umeigeuza. Mwanga unatokea chini." Akaizungusha taratibu, kama alivyofundishwa. Kigoda kikadidimia, kikawa shimo tu. Mama akawa amempa Dada mgongo, na uso umeelekea dirishani. "Ananitazama mimi," Kitinda alisema, bila majivuno, kama mtu anayesoma saa ukutani.

Msimamizi alipita, akachungulia, akasema marehemu hawana kisanduku chao, kitu ni kitu. Tiki zikilingana kwenye KITU, chombo kingetumwa kupiga picha kwa karibu. Zikitofautiana, picha ingeenda stoo.

Kitinda akatia KITU. "Dada, wakisogea karibu tutamwona uso."

Dada akachukua kalamu, akatia KIVULI.

"Dada. Ana ungo."

"Basi ni kivuli chenye ungo."

Kitinda akafuta macho kwa kiganja, akaipeleka stoo mwenyewe.

Tangu hapo mama huonekana karibu kila wiki. Kitinda hutia KITU, Dada hutia KIVULI, na stoo wamempangia mama rafu yake. Hakuna aliyemsema Dada. Wivu ule alitembea nao kila mahali, kama kiatu kinachobana ambacho mtu amekinunua mwenyewe.

Siku moja saa sita mchana zikaja picha tatu zilizopigwa mfululizo. Mama alikuwa ameinua uso. Katika ya kwanza midomo ilikuwa imefumbwa, kama anayeanza neno lenye m. Dada alizungusha picha mpaka mwanga ukatokea juu, akahakikisha mara mbili, kisha akaishika ya pili akiomba neno liwe mwanangu. Ya pili ilionyesha meno, pale kwenye zio ya mwenzio. Ya tatu hakuhitaji kioo.

Akamtazama Kitinda, aliyeinamia meza yake tangu asubuhi bila kutia kitu mdomoni.

"Amekula, Mama," Dada alisema.

Akatia KIVULI kwenye fomu zote tatu. Kisha akafungua mkate wake, akaukata, akamsukumia mwenzie kipande kikubwa. Kitinda akakipokea bila kuinua macho.