Mkwaju wa Miaka Sitini Kamili

Usiku wa jana niliota nimekalishwa kwenye kiti changu mwenyewe cha kunyolea, kitambaa kimenikaba shingoni, na kinyozi ni mkwaju wangu wa chunguni.

Nianze na ukweli. Mimi ni kinyozi hapa Morogoro, na banda langu halipungui watu kumi hata siku ambayo hanyolewi mtu. Mbele ya kioo nimeweka bonsai, mti wa kudumazwa chunguni, mkwaju usiozidi mkono wangu hadi kiwiko. Niliung'oa kwenye ufa wa ukuta wa choo cha gereji, miaka tisa iliyopita. Ila siku moja mteja aliniuliza umri wake banda likiwa limejaa, na mimi watu wakijaa siwezi kuwanyima hadithi. Nikasema sitini, urithi wa babu. Mzee Kibwana, ambaye hana unywele hata mmoja na huja kila siku kukaa tu, akadakia kwamba anaukumbuka tangu utotoni, alikuwa akimwona babu akiumwagilia. Babu yangu hakuwahi kukanyaga Morogoro. Sikumsahihisha. Leo saa nne ni maonyesho ya bonsai, na Mzee amepiga pasi kanzu aje kuwashuhudilia majaji.

Basi ndotoni mkwaju unanizungushia waya wa shaba mkononi, polepole, kama ninavyouzungushia matawi ili yapinde.

"Unakaza," nasema.

"Wewe uliniacha nao masika nzima. Nikanenepa, waya ukanila. Ulikuwa unasimulia harusi ya nani vile?"

"Ya Mwanahawa," nasema, na kwa kuwa nimeulizwa naendelea. "Bwana harusi alikuja amevaa viatu vya..."

Mkasi unalia. Maneno manne yanaangukia sakafuni kwenye nywele. Kinywani yanabaki "Bwana harusi", na hayo peke yake hayana utamu wowote.

"Chipukizi likifikisha majani sita hukatwa yakabaki mawili," unasema mkwaju. "Si umeandika mwenyewe ukutani?"

Ni kweli nimeandika.

Sijainuka, banda limekuwa ukumbi wa maonyesho. Upande wa kulia ni kiangazi, watu wanajipepea; upande wa kushoto ni masika, wameshika miamvuli. Mimi niko juu ya meza, miguu imefukiwa kwenye chungu, vidole vimepunguzwa theluthi kama mizizi. Hainiumi. Nawazia viatu tu.

Jaji ni kopo langu la kumwagilia. Limevaa miwani.

"Mti lazima uwe na upande wa mbele," linasema. "Wa huyu uko wapi?"

Wananizungusha mara tatu. Kopo linainama, linatazama, linaandika. "Huyu pande zote ni mdomo."

Mtu wa upande wa masika anacheka. Namjua, ananidai stori ya mpangaji wake.

"Pili," linasema kopo, "mti humwinamia kidogo anayeutazama, kama anayesalimu. Fundi, una miaka mingapi?"

"Arobaini na miwili."

"Na mwenzako umesema ana sitini. Mwamkie mkubwa wako."

Nainama. "Shikamoo."

"Marahaba," unaitika mkwaju, kwa sauti ya mtoto wa darasa la tatu.

Hata mvua ya kule kushoto inakatika.

Hapo Mzee Kibwana anasimama, kanzu imenyooka mpaka inatoa mlio. "Mti huu naujua mimi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa kivulini mwake."

"Mzee wetu," linasema kopo kwa adabu, "hebu kaa tukuone."

Na Mzee anakaa. Anachuchumaa, anajikunja, anaingiza kipara chini ya tawi la kwanza. Sikio moja linaingia kivulini. Mwili mwingine wote uko juani. Anajikunja zaidi, magoti yanalia, kanzu inaburuzika kwenye udongo.

"Nimeenea?" anauliza. Anageuza shingo kunitafuta. "Fundi, mwanangu, waambie."

Nina ya kuwaambia mengi. Naanza na babu, mkasi unalia. Naanza na wateja kunichokoza, mkasi unalia. Mzee bado amekunjika pale chini, kwa ajili ya uongo wangu. Kwa mara ya kwanza maishani nachagua maneno kabla ya kuyatoa.

"Miaka tisa," nasema.

Mkasi haulii. Hakuna cha kukata. Mkwaju unaanza kuufungua waya mkononi mwangu, mzunguko mmoja mmoja.

Mzee Kibwana anajinyoosha, anapangusa kanzu.

"Ungeniambia mapema," anasema, "nisingepiga pasi."

Nikaamka. Kulipopambazuka nilikwenda bandani kuuchukua mkwaju. Ufunguo wa banda ninao mimi peke yangu. Jana jioni niliegemeza pale chunguni kadi, kwa mwandiko wangu wa sikukuu: Mkwaju huu una miaka sitini kamili.

Sasa kadi ni fupi. Imekatwa mshazari, kwa usafi, kama tunavyokata juu ya jani. Imebaki "Mkwaju huu". Maneno manne yamelala juu ya udongo, yamekwisha kulowa.

Nimesikia kandambili nje. Mzee Kibwana huyo anakuja, na kanzu yake. Kabla hajakaa, nina maneno mawili ya kumwambia.