Kura ya Kaka Peregrine

Kaka yangu Peregrine alikuwa na jongo linaloitika akiliita. Pakiwa na karamu, mguu mzima. Pakiwa na jambo la kuamua, mguu umevimba. Wiki ile Bunge la Makabaila lilipokuwa likiamua kama mdogo wetu Ferdinando akatwe kichwa kwa kumbebea barua za siri mfalme, aliyekuwa akigombana na bunge, Peregrine alijilaza nyumbani kwetu London, mguu juu ya mto, anakula pai ya chaza.

“Sipigi kura ya kumuua ndugu yangu,” akaniambia. “Wala ya kumtetea, hawa wahuni wa mtaani wakaja kuichoma nyumba. Mimi simo, Lettice. Nimenawa mikono.”

“Umenawa nini? Na ile hati uliyompa Haldenby?”

Akaacha kutafuna. Kabaila asiyeweza kwenda bungeni humwachia mwenzake hati yenye muhuri, ampigie kura. Peregrine alimpa Bwana Haldenby yake tangu wakati wa baridi, akasahau. Na Haldenby alimtaka Ferdinando kaburini, wala hakuficha.

“Inuka uende, Kaka,” nikamwambia. “Mwenyewe ukishaingia ukakaa kitini, hati imekufa. Kohoa mara mbili, kisha sema mguu unauma, uondoke kabla ya kura.”

“Watu wataniona.”

“Basi andika barua uifute.”

“Barua inasomwa mbele ya wote! Unataka jina langu libandikwe ukutani pamoja na majina ya wasaliti?”

Nikalivuta shuka. Ule mguu haukuwa na uvimbe hata wa kuumwa na mbu. Hasira zikanipanda.

“Kwa mwoga huenda kicheko, Lettice,” akasema, akijifunika upesi.

“Kicheko gani? Aliyetuzaa ni mmoja! Kilio kitaingia humu humu, mpumbavu wewe!”

Sikuwahi kumtukana kabla. Ni mkubwa wangu, na ndiye aliyerithi cheo cha baba. Siku hiyo nilimtukana hadi mtumishi akaja kufunga mlango. Nikampigia magoti pia, nikalia. Akaagiza pai nyingine.

Alasiri habari ikafika. Waliotaka afe, ishirini na sita. Waliokataa, ishirini na watano. Bila ile hati kura zingelingana, na zikilingana mswada wa kumuua huanguka.

Kesho yake niliruhusiwa kumwona Ferdinando gerezani. Amekonda, lakini ndevu amezichana. Akanishika mikono yote miwili.

“Kaka hakwenda bungeni, eti?”

“Hakwenda.”

“Nilijua! Marafiki zangu walikimbilia kunihukumu, yeye akakaa nyumbani. Damu ni damu, dada. Mwambie ninakufa nikimshukuru.”

Maneno yalinijaa mdomoni. Lakini alikuwa amebakiwa na siku mbili tu, na furaha yenyewe ndiyo hiyo moja. Nikayameza.

Nyumbani nikamkuta Peregrine amesimama dirishani, kwa miguu yake miwili. Nikampa salamu zile neno kwa neno, nikiomba Mungu zimchome hadi mfupani. Akalia. Kweli alilia, akafuta macho kwa mkono wa shati.

“Umesikia?” akasema. “Ferdinando ananielewa. Katika nyumba hii mwenye roho mbaya ni wewe tu, Lettice.”