Mikono Nyuma ya Mgongo

Mbithe alikuwa akikamua tambara la kupigia deki wodi ya wanaume, pale hospitalini Thika, huku akiomba kimoyomoyo, Waweru karani aliposimama mlangoni.

"Mbithe, Miss anakuja saa nne. Leo ndiyo leo."

"Najua, karani. Naongea na Mungu, ngoja nimalize."

"Basi mwambie na bei ya sukari ishuke."

Wagonjwa wakacheka. Mbithe naye akacheka. Alikuwa mama mtu mzima, na kusoma alianza juzi juzi tu, katika darasa la jioni kanisani Ruiru. Sasa Miss Harris alikuwa akitafuta mtu mmoja wa kupelekwa chuoni Nairobi, akasomee kazi aliyosomea yeye kwao Uingereza: kumfundisha mtu aliyeumia kuvaa, kula, kulima na kushona tena, mpaka arudi kuwa mtu wa nyumba yake. Waliohitimu, Miss alisema, huajiriwa hospitalini, katika shule za watoto waliopooza, hata viwandani.

Katika jaribio la kwanza Mbithe alianguka. Mzee Gerishon wa Gitothua, ambaye mashine ya kumenya kahawa ilimwachia gumba na kidole kimoja tu mkono wa kulia, alipewa birika amimine chai. Birika lilipotikisika, Mbithe alilipokea. Ndivyo alivyolelewa: mzee hahangaiki mbele yako nawe una mikono mizima.

"Umemnyang'anya kazi yake," Miss alimwambia.

Leo, kwa jaribio la pili, Miss alifika, akaketi. Wakonyo, mke wa Gerishon, naye aliingia na viazi vitamu, akihema. Askari walikuwa wamemchelewesha njiani wakikagua pasi yake, kibali cha kutoka kijijini siku hizo za Hali ya Hatari.

"Guka," Mbithe alimwambia mzee, akimwita babu kwa Kikuyu, "mmiminie mama chai."

"Kwa mkono gani?"

"Ule unaoutaka."

"Nimpe mke wangu chai kwa kushoto? Atarudi kwao!"

Akalishika birika kwa gumba na kidole. Likatetemeka. Chai ikamwagika mezani, ikachuruzika hadi kwenye blanketi. Mbithe aliipeleka mikono nyuma ya mgongo, mmoja ukaukamata mwingine.

"Huyu hana mama?" Wakonyo alifoka. "Mzee anaungua na yeye amesimama kama nguzo!"

Uso ulimwaka Mbithe. Bwana, nishikie mikono hii, aliomba. Kwa sauti akasema, "Guka, bana kiwiko mbavuni. Wa kushoto usogeze kikombe."

Mzee akabana kiwiko. Akauma mdomo. Chai ikaanza kushuka, nyembamba, kisha nene, mpaka kikombe kikajaa. Akaliweka birika chini, akamkabidhi mkewe kikombe kwa mkono wa kulia.

Wakonyo alikunywa. Halafu akaweka kikombe, akapiga vigelegele vitano, vile vinavyopigwa mtoto wa kiume akizaliwa.

"Kwani nimezaliwa?" Gerishon aliuliza.

"Umezaliwa, tena na ndevu!"

Wodi nzima ikalipuka kwa kicheko. Barasa, mgonjwa wa kitanda cha pili, akagonga bakuli. Miss Harris alisimama, macho yakimng'aa. "Mbithe, umepita," akasema, akatoka mbio kwenda ofisini kwa wakubwa.

Alirudi polepole. Alimnong'oneza Waweru jibu la wakubwa ili aeleze, na Waweru akaeleza huku akitazama sakafu.

"Wamesema chuo ni cha wenye cheti cha darasa la nane. Na hata ukisoma, kazi hiyo haina cheo cha Mwafrika. Utaendelea kuandikwa msafishaji."

"Nitawauliza tena," Miss alisema.

"Na mimi nitamuuliza Mkubwa wangu tena," Mbithe akajibu. "Yeye hafungi ofisi."

Alilichukua tambara lake, akafuta chai iliyomwagika. Alipoinuka, alimkuta Gerishon amelishika birika tena. Lilikuwa likitetemeka juu ya kikombe cha pili, na Waweru alikuwa tayari ameshanyoosha mkono kulipokea.

"Wacha, karani," mzee alisema. "Mikono nyuma. Chai hii ni ya mwalimu."

Waweru akaiweka mikono nyuma. Mbithe alipokea kikombe kwa mikono miwili, akafumba macho kidogo, akanywa.

"Asante, Guka. Kesho tunaanza kufunga vifungo vya shati. Na wewe Barasa, usijifiche. Nimekuona."