Udi wa Kofia ya Vita

...na asitie mwingi, kipande cha udi kama ukucha kinatosha, mwingine ubaki wa vita vijavyo, maana Bwana Hatamura hupigana kila theluji ikiyeyuka na kila mara hurudi na tope mpaka masikioni akidai chakula, basi Sayo akaiinamisha kofia ya chuma ya mumewe huyo juu ya chetezo, moshi ukapanda ndani ili nywele zake zije zinukie, na nyuma yake mumewe akawa anafakamia wali wa maji ya moto, "Mke wangu, unafukiza kofia au unachoma samaki?"... mzaha wake huo, mbabe anayetetemesha mabonde yote haya, na bado ndiye aliyeuosha mwili wa baba yake Sayo baada ya kuiteka ngome yao, akamchana mzee nywele, akamlilia mbele ya askari wake bila kuona haya, na Sayo, aliyeletwa kuolewa akiwa na kisu cha kulipiza kisasi ndani ya mkono wa vazi, akakiacha humo humo... ageuze kofia moshi ufike kisogoni, vidole vikapapasa kamba ya kidevuni, mbona fupi, ncha ziko wapi, zimekatwa, zimekatwa kwa kisu, imebaki ya fundo moja lisilofunguka, na mke wa askari yeyote anajua, anayekata ncha hana nia ya kuivua kofia tena... kumbe ndiyo maana ameamuru watu wote wapande mlimani leo, yeye abaki darajani na wachache "kuwachelewesha kidogo" adui, kidogo gani, jana alimuuliza, "Utatufuata lini?" naye akacheka, "Nikishiba"... aitupe kofia kisimani, apige kelele, amshike miguu, lakini huyu ndiye aliyembeba mgongoni mchunga farasi kiwete kuvuka mto mishale ikinyesha, kwa hilo alimpenda, tena akajivunia, sasa amwombe awe mtu mwingine?... "Bado tu?" "Bado, Bwana. Kula taratibu." Sauti haikutetemeka, ajabu, akakifungua kifuko cha udi na kuutia wote, wote, ule wa harusi yao, moshi ukamwuma macho, vizuri, alie kwa moshi, maana vichwa vya mabwana waliouawa hukatwa na kupelekwa mbele ya adui kutazamwa, na atakayekiinua hiki, kabla hajashangilia, harufu impige puani, ajue kilikuwa na mwenyewe aliyekipenda... "Sasa unaunguza nyumba!" "Kula, Bwana," akasema, akaiinamisha kofia tena, moshi ukaendelea kupanda...